Bosi ananihesabia dakika, mashine inanikata nusu saa

Habari za kazi, washauri.

Nafanya kazi ya kupokea na kushughulikia maagizo ya wateja katika ofisi yenye wafanyakazi 14. Nina miaka minne hapa, na sikuwahi kupewa onyo lolote hadi alipokuja meneja mpya mwaka huu. Wiki yake ya tatu tu, ikafungwa mashine ya alama za vidole mlangoni. Kazi inaanza saa 2:00 asubuhi na kwisha saa 11:00 jioni. Ukiweka kidole saa 2:01, unakatwa nusu saa ya mshahara. Ukichelewa mara tatu kwa mwezi, unaandikiwa barua ya onyo.

Tatizo ni kwamba mashine hainitambui vizuri. Naweka kidole, inakataa. Nafuta, inakataa tena, huku foleni iko nyuma yangu. Mwezi uliopita nilikatwa mara sita. Mara mbili nilichelewa kweli, dakika 9 na dakika 12. Mara nne zilizobaki nilikuwa mlangoni kabla ya saa mbili, ila kidole kilikubaliwa saa 2:02 au 2:03. Na jioni, siku zisizopungua 15 kwa mwezi, nabaki dakika 20 hivi kumalizia maagizo. Hizo hakuna anayezihesabu.

Si mlangoni tu. Kuna daftari la kwenda chooni: saa ya kutoka na saa ya kurudi. Kila barua pepe lazima nimnakili, hata ya kumwambia mteja kwamba mzigo wake umefika. Nikitumwa kwa mteja, natakiwa nioneshe mahali nilipo kwenye WhatsApp tangu natoka hadi narudi, kwa simu yangu na bando langu. Kuumwa siku moja bila cheti cha daktari kunaandikwa utoro. Juzi alinipigia simu mara tano kabla ya saa sita mchana kuuliza agizo lile lile.

Wenzangu wawili wamegundua kwamba mashine inakubali pia namba ya siri, basi anayewahi anamwingizia mwenzake. Wananiambia nijiunge nao. Barua yangu ya kwanza ya onyo imeshaandikwa na natakiwa kuisaini Ijumaa. Nimjibu, nivumilie, au niache kazi?

Niliyechoka kuhesabiwa

JIBU

Pole sana, ndugu yetu. Tuanze na Ijumaa, kwa kuwa ndiyo iliyo karibu, na kwa kuwa hapo ndipo wengi huharibu kesi nzuri.

Usikatae kuisaini barua, wala usiichane au kuiacha mezani. Ukikataa, ataita shahidi aandike kwamba umegoma kupokea, na hapo kosa jipya litakuwa utovu wa nidhamu. Ila usisaini kimya kimya pia. Isome yote, kisha juu ya sahihi yako andika kwa mkono: "Nimepokea. Sikubaliani na maelezo ya tarehe hizi nne, nitajibu kwa maandishi," taja tarehe zenyewe, kisha weka sahihi na tarehe ya siku hiyo. Omba nakala au ipige picha. Kusaini kupokea si kukiri kosa, lakini karatasi isiyo na maneno yako husomwa hivyo miezi sita baadaye. Kisha jibu lako liwe limefika ndani ya siku tatu za kazi, ukurasa mmoja, bila neno hata moja kuhusu tabia ya meneja. Zile siku mbili ulizochelewa kweli, zikubali kwa dakika zake: 9 na 12. Ukizikubali hizo, ni rahisi zaidi kuaminika kwenye zile nne.

Kuhusu namba ya siri: usijiunge. Tunaelewa kwa nini wenzako wamefika hapo, na hatuwaoni kama watu wabaya. Lakini kumwingizia mtu mahudhurio ni udanganyifu wa malipo, na katika sehemu nyingi za kazi kosa hilo humfukuzisha mtu bila kupitia ngazi za onyo. Kamera moja mlangoni, au tofauti kati ya saa ya mashine na saa uliyowasha kompyuta yako, inatosha kuwafichua. Baya zaidi, meneja atakuwa amepata ushahidi wa lile analoliamini tayari, na masharti yatakazwa kwa watu wote 14.

Sasa mashine. Hapa ndipo utakapopata nafuu ya haraka, kwa sababu ni jambo la kiufundi na halimgusi mtu heshima yake. Kidole hukataliwa kwa sababu chache zinazojulikana. Ngozi iliyokauka haitoi mistari inayosomeka. Ngozi yenye maji, mafuta au dawa ya kutakasa mikono huifanya mistari igandane. Wanaoshika maboksi, karatasi nyingi au sabuni kali hulika ncha za vidole. Kioo cha mashine chenyewe hujaa mafuta ya watu 14 kila asubuhi. Na mara nyingi kosa lilifanyika siku ya usajili: ulisajiliwa kidole kimoja, kwa haraka, kwa kugusa na ncha.

Omba usajiliwe upya. Vidole viwili vya mkono wa kulia na kimoja cha kushoto, kila kimoja kisomwe angalau mara tatu. Laza kidole kibapa, sehemu nene ya katikati iguse kioo, usibonyeze kwa nguvu. Usajili ufanyike mikono ikiwa katika hali ile ile unayofika nayo asubuhi, si mara tu baada ya kunawa. Kioo kifutwe kila siku kwa kitambaa laini kikavu. Kidole kikikataliwa mara tatu, pawe na njia mbadala iliyokubaliwa: kadi, au kusaini daftarini mbele ya mlinzi au mtu wa mapokezi.

Jambo moja ambalo wengi hawalijui: mashine nyingi za aina hii huhifadhi alama iliyokubaliwa tu. Zile mara nne ulizokataliwa saa 1:58 hazipo popote kwenye ripoti anayoisoma meneja. Yeye anaona 2:02 basi, na kwa macho yake umechelewa. Huenda hata hajui kwamba kuna kukataliwa. Kwa hiyo kuanzia kesho, ukikataliwa, piga picha kioo cha mashine kikionesha kosa na saa, kisha tuma ujumbe mfupi hapo hapo: "Nipo mlangoni, mashine imekataa kidole mara tatu." Saa ya ujumbe itakuwa shahidi wako.

Angalia pia saa ya mashine yenyewe. Saa za vifaa hivi huenda zikapotea taratibu, na betri ndogo ya ndani ikichoka, umeme ukikatika saa hurudi nyuma au husimama. Linganisha na saa ya simu yako iliyowekwa ijirekebishe kwa mtandao. Tofauti ya dakika tatu, kwa sheria yenu, ni nusu saa ya mshahara kwa kila mtu anayefika saa mbili kamili. Na unapoandika, tumia saa kama mashine inavyozionesha, 08:02, ukiweka kwenye mabano "saa 2:02 asubuhi". Ripoti za mashine huandika 02:02 kwa maana ya usiku wa manane, na tumeshaona malalamiko ya haki yakikwama kwa sababu pande mbili zilisoma saa tofauti.

Sambamba na hayo, anza daftari lako. Wiki nne, kila siku ya kazi, safu tano: tarehe, saa uliyofika mlangoni, saa iliyokubaliwa na mashine, saa uliyotoka, na tukio, kama lipo. Andika siku ile ile, si Ijumaa kwa kukumbuka. Liweke nyumbani au kwenye simu yako, si kwenye kompyuta ya ofisi. Ila angalizo: usijitumie barua za wateja wala nyaraka za ofisi ili ziwe ushahidi. Hilo peke yake linaweza kukufukuzisha. Unachohitaji ni rekodi yako ya mahudhurio, hati zako za mshahara, mkataba wako, na nakala ya kanuni zilizotangazwa. Wala usimrekodi sauti kwa siri. Sheria za jambo hilo hutofautiana sana, na hata panaporuhusiwa, uaminifu ukishavunjika hivyo haurudi. Mkishazungumza, mtumie ujumbe wa mistari miwili: "Kama tulivyokubaliana leo, nitafanya hivi na hivi." Asipoupinga, umebaki na maandishi.

Tuje kwenye pesa. Mwezi uliopita ulikatwa mara sita, yaani dakika 180. Ulizochelewa kweli ni 21. Na hata katika zile nusu saa ulizokatwa ulikuwa umekaa kwenye meza yako ukifanya kazi. Hiyo si kukata muda ambao haukufanyiwa kazi, ni faini. Tofauti hiyo ina uzito kisheria. Mkataba namba 95 wa Shirika la Kazi Duniani, wa mwaka 1949, unasema mshahara ukatwe tu kwa masharti na kwa kiasi kilichowekwa na sheria ya nchi, mkataba wa pamoja kati ya mwajiri na chama cha wafanyakazi, au uamuzi wa usuluhishi. Nchi zilizouridhia hutunga sheria zao kwa kuufuata, na nyingine ambazo hazikuuridhia zina vifungu vinavyofanana. Hivyo swali la kumuuliza ofisa rasilimali watu, kwa maandishi na kwa adabu, ni moja: "Naomba kuoneshwa kifungu cha mkataba wangu au cha kanuni kinachoruhusu kukatwa dakika 30 kwa kuchelewa dakika moja." Usiongeze kitu. Swali hilo likijibiwa kwa kifungu, unajua pa kuanzia. Lisipojibiwa, umeshapata jibu la kumpelekea chama cha wafanyakazi au ofisa kazi.

Zile dakika 20 za jioni, siku 15, ni dakika 300, saa tano nzima. Tunajua zinauma. Lakini usizitumie kama deni ulilomtunzia bosi, kwa sababu kazi ya ziada ambayo haikuidhinishwa mara nyingi hailipwi, na atakujibu kwamba hakukuomba ubaki. Kuanzia sasa chagua moja: omba idhini kabla ya saa 10:30 ("Maagizo manne hayataisha, nibaki dakika 20 au yasubiri kesho?"), au ondoka saa 11:00. Swali hilo la kila siku litamfundisha meneja ukubwa wa kazi yako kuliko maelezo yoyote.

Sasa tumfikirie yeye. Hatumtetei, daftari la chooni halina utetezi. Lakini meneja mgeni aliyekuta kazi inayoendeshwa na watu wanaoijua kuliko yeye hukosa kitu cha kupimia. Haoni maagizo yanavyopita mikononi mwako, anaona mlango. Basi anaupima mlango. Simu tano kabla ya saa sita kuhusu agizo lile lile ni za mtu ambaye naye anaulizwa na aliye juu yake na hana la kusema. Mtu wa namna hiyo haponi kwa kuambiwa "niamini". Anapona, akipona, kwa kupata habari kabla hajaiuliza.

Kwa hiyo jaribu hili kwa wiki nne. Saa 2:30 asubuhi mtumie mistari isiyozidi mitano: maagizo mangapi yameingia, mangapi yanatoka leo, lipi lina shida. Saa 10:30 jioni mistari mingine mitano: yaliyokamilika, yaliyokwama na sababu, unachohitaji kutoka kwake. Usitume kila saa, maana utamzoesha kukuhitaji kila saa. Usiahidi namba nzuri kuliko uwezo wako. Ahadi moja iliyovunjika inafuta ripoti kumi. Habari mbaya impelekee ndani ya saa moja, kabla mteja hajampigia. Hapa ndipo mpango huu unapoharibika kwa wengi: wanaripoti mafanikio na kuficha mkwamo, bosi anaugundua, na simu zinarudi mara mbili zaidi.

Zikipita wiki mbili za ripoti, omba dakika 20 za mazungumzo. Si Jumatatu asubuhi, si siku ya mshahara, si siku uliyochelewa. Nenda na karatasi moja yenye namba zako na ombi moja la majaribio ya wiki nne. Anza na analolitaka yeye: "Najua unataka simu ya wateja ipokelewe kuanzia saa mbili kamili. Napendekeza tuweke rosta ya wawili wa kufungua kila siku, hao wasichelewe hata dakika. Sisi wengine tuwe na dakika 10 za kuvumiliana, na atakayechelewa afidie jioni ile ile. Akizidi hapo, akatwe dakika alizochelewa kweli. Baada ya wiki nne tuangalie kama simu zilipokelewa na maagizo yalitoka." Umwoneshe pia kwamba sheria ya sasa inajipinga yenyewe: mtu akishaona 2:01 kwenye mashine hana sababu ya kukimbia, kwa kuwa nusu saa yake imeshaondoka.

Barua pepe nazo zina njia. Mwambie utamnakili kwenye zote zinazohusu pesa, punguzo, malalamiko au kuchelewa kwa mzigo, na nyingine utamwandalia orodha kila Ijumaa. Akikataa, endelea kumnakili zote. Hilo halistahili vita.

Eneo kwenye WhatsApp: kuonesha mahali ulipo kwa mfululizo kuna vipimo vitatu, dakika 15, saa 1 na saa 8. Pendekeza utume dakika 15 ukifika kwa mteja na dakika 15 ukiondoka, kisha uzime. Ukisahau ile ya saa 8, atakufuata hadi nyumbani. Mweleze pia kwamba ndani ya majengo marefu au chini ya paa la bati alama huweza kukosea kwa makumi ya mita, asije akasema hukufika kwa sababu doti imeangukia jengo la jirani. Mwongozo wa Shirika la Kazi Duniani wa mwaka 1997 kuhusu taarifa binafsi za wafanyakazi si sheria, lakini unaweza kuutaja: unataka mfanyakazi aelezwe mapema sababu ya kufuatiliwa, muda, mbinu na taarifa zitakazokusanywa. Na bando, omba lirudishwe kama gharama nyingine ya safari ya kazi.

Daftari la chooni usilipiganie peke yako, na kamwe usilibishie kwenye grupu la WhatsApp. Hilo ni la watu 14. Kubana mkojo kwa kukwepa kuandikwa kunaumiza afya, na wapo wenye ujauzito, wenye kisukari, wanaotumia dawa za kukojoza. Daftari linawalazimisha kutangaza hali zao bila kuulizwa. Andikeni barua fupi ya pamoja kwa rasilimali watu, sahihi nyingi iwezekanavyo, na mtoe mbadala: anayetoka anamwachia jirani yake simu. Kama hofu ilikuwa simu kulia bila kupokelewa, imeisha.

Ukiumwa, tuma ujumbe kabla ya kazi kuanza wenye mambo matatu: sitafika leo, maagizo haya ya haraka yuko nayo fulani, nitatoa taarifa tena saa kumi. Ugonjwa gani si lazima useme. Kuhusu cheti cha siku moja, angalieni mkataba unasema nini kabla ya kubishana; mingine hutaka cheti kuanzia siku ya pili au ya tatu tu.

Uchovu unaousikia una maelezo yake. Robert Karasek, mtafiti wa Marekani, alionesha mwaka 1979 kwamba kinachomchosha sana mfanyakazi si wingi wa kazi peke yake, bali kazi nyingi inapokutana na uwezo mdogo wa kuamua lolote. Usijilaumu kwamba umekuwa mvivu.

Kuna mipaka ambayo ikivukwa hatutakuambia usubiri wiki nne: matusi, kufuatwa nje ya saa za kazi, kukatwa pesa bila hati inayoonesha sababu, au sheria inayokuuma wewe tu huku wengine wanaachwa. Hapo andika malalamiko rasmi kwa aliye juu yake: matukio matano yenye tarehe na saa, unachoomba, na ombi la kujibiwa ndani ya siku saba za kazi.

Je, uache kazi? Si wiki hii, na si kwa hasira ya Ijumaa. Jipe wiki nane: nne za daftari na ripoti, nne za majaribio akiyakubali. Akiwa hajalegeza hata jambo moja wakati namba zako ziko mezani, anza kutafuta kwingine ukiwa bado na mshahara. Kabla ya kuandika barua ya kuacha kazi, soma mkataba wako uone muda wa notisi, hesabu siku za likizo ulizobakiza, dai kwa maandishi zile dakika 159 ulizokatwa bila haki, na uombe barua ya utumishi ingali jina lako liko kwenye orodha ya wafanyakazi.